Sanduku Langu la Nyuzi

Mimi ni mwalimu katika chuo cha walimu huku nyanda za juu, upande wa Njombe. Kazi yangu ni kuwafundisha vijana namna ya kufundisha hesabu. Jioni hii sikuja kusema habari za hesabu, ingawa hesabu kidogo itaingia, kama mtakavyosikia. Nataka kuwaeleza habari za kazi ya mkono niifanyayo saa za mapumziko, nayo ni kufuma sweta, kofia na soksi kwa sindano. Na zaidi ya hayo, habari za sanduku langu la nyuzi na somo lililonipa.

Najua wako watakaocheka. Watasema, "Mwanamume mzima, mwenye ndevu, naye afuma!" Wacheke, si neno. Lakini wajue ya kuwa katika kisiwa cha Taquile, kilichomo katika ziwa Titicaca, nchi ya Peru, kufuma kofia kwa sindano ni kazi ya wanaume, na mvulana hufundishwa kazi hiyo tangu utoto wake. Kazi za nyuzi za kisiwa hicho zilitangazwa mwaka 2005 na UNESCO kuwa urithi wa wanadamu wote. Basi sindano haimwulizi mtu kama ni mume au mke; yauliza tu kama ana saburi.

Mimi nalijifunza nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, katika shule ya misheni. Mwalimu wetu mmoja, bibi mzee, alikuwa akiniita nimshikie uzi kwa mikono miwili, naye akiuzungusha uwe donge. Kushika uzi ni kazi ya kuchosha. Nikamwomba anifundishe na kufuma, angalau nipate faida ya uchovu wangu. Sindano zangu za kwanza zilikuwa spoku mbili za baiskeli, nilizozinoa ncha zake juu ya jiwe.

Kufuma huko ni nini? Mwenye mtambo wa kufuma nguo hupitanisha nyuzi nyingi, hizi za urefu na zile za upana, kama ukili katika mkeka. Mfumaji wa sindano hutumia uzi mmoja tu. Huupinda uwe kitanzi, kisha huvuta kitanzi kingine ndani ya kile cha kwanza, na kingine tena, hata apate safu nzima. Na kila safu hushikwa na ile iliyo juu yake. Ndiyo sababu nguo hiyo hunyumbuka na kuufuata mwili. Na ndiyo sababu pia, ukiupata mwisho wa uzi na kuuvuta, kazi ya mwezi mzima hufumuka kwa robo saa. Kazi hii ni ya zamani sana. Huko Misri zilipatikana soksi za pamba, za rangi ya buluu na nyeupe, zilizofumwa kwa namna hii hii, nazo wataalamu wazikadiria kuwa za baina ya karne ya 11 na ya 14.

Sasa niwaambie habari za nguo nilizozimaliza. Nina daftari ambamo huandika kila kazi iliyokwisha. Katika miaka sita nimeandika kazi 23: sweta tisa, kofia saba, soksi jozi nne na shali tatu. Si zote zilizo nzuri. Sweta ya kwanza ina mkono mmoja uliozidi wa pili kwa vidole vinne. Mdogo wangu aliivaa miaka mitatu akiukunja mkono ule, wala hakuninung'unikia. Sweta ya tatu nalimfumia rafiki yangu mnene, nikaona uvivu kupima kwanza. Ilipokwisha ilimtosha mwanawe wa miaka kumi na miwili. Tangu siku ile, kabla ya kuanza nguo, nafuma kwanza kipande kidogo cha sentimita kumi kwa kumi, nakihesabu vitanzi vyake, ndipo nafanya hesabu ya nguo nzima. Saa moja ya kupima yaokoa majuma matatu ya kufumua.

Lakini sweta ya tano naipenda. Ni ya binti yangu, rangi ya majani ya chai, na shingo yake imelala sawasawa. Alipoivaa asubuhi ya Julai, siku ambayo umande ulikuwa umeganda mweupe juu ya majani ya viazi, akatoka mbio kwenda shule bila kujikunyata, mimi nilisimama mlangoni nikamtazama hata akapotea nyuma ya miwati. Mfumaji hana mshahara upitao huo.

Hapo ndipo ilipoanza tamaa yangu. Kila nilipomaliza kazi moja nalitamani nyingine tatu, na kila nilipopita dukani nalinunua uzi. Nikiona rangi nzuri, nilisema, "Hii itafaa siku moja." Nikiona bei imeshuka, nilisema, "Hii ni akiba, na akiba haiozi." Sokoni nako nalinunua sweta za mitumba, nipate kuzifumua nitumie uzi wake. Desturi hiyo ni njema, nayo si yetu peke yetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili huko Uingereza nguo na uzi wa kufumia vilianza kuuzwa kwa kuponi tarehe 1 Juni 1941, na watu wengi wakafumua nguo zao kuukuu ili wafume mpya. Uzi uliofumuliwa huwa umejikunja. Mtu huuzungusha nyuma ya kiti, akaufunga mahali panne usitatizike, akaufua kwa maji ya vuguvugu, kisha akautundika na kitu kizito chini yake hata ukauke na kunyoka. Nami nalijua hayo yote. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kutenda ni kingine.

Siku moja mke wangu akaniambia, "Mwalimu, wewe wafundisha watu hesabu. Hebu lihesabu sanduku lako." Nikalihesabu. Mlikuwa na madonge 61, kila moja gramu 50. Sweta ya mtu mzima hutaka madonge kama kumi. Basi mle sandukuni mlikuwa na sweta sita ambazo hazijafumwa. Nami kwa miaka sita nimemaliza sweta tisa, maana yake moja na nusu kwa mwaka. Hata nisinunue tena uzi wowote, nilikuwa na kazi ya miaka minne. Nikatazama daftari: mwaka ule nalinunua madonge 24, nikatumia 11. Mtoto wa darasa la nne aweza kuwaambia mwisho wa hesabu hiyo. Mimi nikafunga daftari nikanyamaza.

Katika madonge yale yalikuwamo kumi ya sufu safi, rangi ya damu ya mzee, niliyoyanunua Iringa mjini kwa ajili ya mama yangu. Sufu ni kitu cha ajabu. Unyoya wake umejikunja-kunja, hushika hewa katikati, na hewa hiyo huzuia joto la mwili lisitoke. Tena huweza kunyonya unyevu karibu ya theluthi ya uzito wake, na aliyeivaa asisikie maji. Kwa mzee aendaye shambani katika ukungu, hakuna nguo ipitayo hiyo. Lakini kwa kuwa uzi ule ulikuwa mzuri mno, nikaogopa kuuharibu. Nikasema nitangoje nipate mfano unaoufaa. Mwaka wa kwanza ukapita, na wa pili.

Mwezi wa Julai wa mwaka wa pili mama aliniambia, "Mwanangu, baridi ya mwaka huu imenikuta mzee kuliko ya mwaka jana."

Nikamjibu, "Sweta yako, Mama, itakuwa nzuri kuliko zote. Nangoja tu mfano wake."

Akasema, "Haya, mwanangu. Nami nipo."

Mwaka wa tatu, mwezi wa Juni, nikaletewa habari kwamba mama yu mgonjwa wa kifua. Shule zilikuwa zimefungwa. Nikaenda kulifungua sanduku, nichukue uzi wake, maana nalikata shauri kuufuma hata kwa mfano ulio rahisi kabisa, nikikaa karibu na kitanda chake. Nikalishika donge la kwanza, likamwagika mkononi kama makapi. Nikalishika la pili, vile vile. Uzi ulikuwa umekatika vipande vifupi vifupi, na katikati mna vumbi na viwavi vyeupe, vidogo kama punje ya mchele iliyovunjika. Nondo walikuwa wameula wote, pamoja na madonge saba mengine ya sufu.

Nondo yule aliingiaje? Mimi ndimi niliyemwingiza. Miezi michache kabla ya hapo nalinunua sokoni sweta kuukuu ya sufu, yenye jasho la mwenyewe wa kwanza, nikaitupa sandukuni bila kuifua. Jueni, wasikilizaji, ya kuwa yule kipepeo mdogo wa rangi ya majani makavu hali kitu. Yeye hutaga mayai tu. Mlaji ni kiwavi atokaye katika yai. Chakula chake ni kitu cha mnyama: sufu, nywele, manyoya ya ndege; na hupenda zaidi kilicho kichafu, kilichofichwa gizani, kisichoguswa. Sanduku langu lilikuwa na hayo yote matatu.

Nikaketi chini. Sikuwaza hasara ya fedha. Nalikumbuka neno moja tu: "Nami nipo."

Mke wangu hakunilaumu. Alileta debe lenye kifuniko ambamo nalitia mabaki ya kazi zangu zilizokwisha, vidonge vidogo vidogo vya kila rangi. Mengi yalikuwa ya uzi ule wa viwandani utengenezwao kwa mafuta ya ardhini, ambao nondo haumfai, na mengine yalikuwa ya sufu yaliyofuliwa na kukauka vema kabla ya kufunikwa. Hayakuguswa. Nikayapima: gramu mia tano na kidogo. Nikalichukua debe lile nikaenda kwa mama.

Nalifuma siku kumi na sita, mchana karibu na kitanda chake na usiku kwa taa. Mfano haukuwapo, ulikuwa ni mistari tu. Rangi moja ikiisha, nalifunga nyingine nikaendelea. Mama naye alitibiwa zahanati akapata nafuu kidogo kidogo, hata siku ya kumi na mbili akaketi nje juani, akanishikia uzi kwa mikono miwili, kama mimi nilivyomshikia yule bibi wa shule.

Sweta ilipokwisha, akaivaa akaitazama mikono yake. Nikaanza kumwomba radhi kwa ajili ya rangi zile zisizopatana. Hakunisikiliza. Alikuwa akiigusa mistari kwa kidole, mmoja mmoja. "Hii ni ya mjukuu wangu, ile ya majani ya chai. Hii ni ya mdogo wako, yenye mkono mrefu. Hii ni ile kofia ya mtoto, alipozaliwa." Akaendelea hivyo mpaka mwisho, wala hakukosea hata moja. Kisha akasema, "Mwanangu, ile nyekundu ingenipa joto. Lakini hii yanipa joto na watu." Na hata leo, mkipita njia ya kwetu asubuhi ya baridi, mtamwona mwanamke mzee akipalilia viazi vyake, amevaa sweta ya mistari kumi na minne.

Sasa nimejiwekea sheria. Kwanza, sinunui uzi bila jina la mtu. Donge likiingia nyumbani hufungwa karatasi yenye jina la atakayevaa na tarehe niliyolinunua. Na jina likikaa mwaka mmoja, naacha kazi nyingine zote naifanya hiyo. Pili, kila kitu cha mitumba hufuliwa, hukaushwa juani, hufumuliwa, ndipo huingia ndani. Tatu, uzi wa sufu hukaa katika debe lenye kifuniko kinachobana, na kila mwisho wa mwezi naufungua naukung'uta juani, maana nondo hapendi kusumbuliwa. Nne, mabaki hayatupwi.

Wazee wetu walisema akiba haiozi, nami sisemi kwamba walikosea. Lakini walikuwa wakulima. Walijua ya kuwa mahindi ya ghalani hutiwa majivu, hutazamwa, hugeuzwa, na kwamba yamewekwa kwa ajili ya watoto fulani na njaa fulani. Mimi nalichukua nusu ya maneno yao, nikaiacha nusu waliyoitenda kwa mikono.

Basi wasikilizaji wangu, huenda ninyi hamfumi. Lakini kila nyumba ina sanduku lake. Labda ni kitambaa kilichokunjwa kimngoje fundi, labda ni mbao za kitanda cha mzee, labda ni kitabu ulichomwahidi mtoto. Kesho kukicha lifungueni mkalitazame, na aliyeahidiwa mwanzieni kazi yake kwa kile kilichopo.