Mapatano Kabla ya Kete

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya ugomvi uletwao na mchezo wa bao, na njia ya kuuzuia. Pengine mmoja wenu atasema, "Bao ni mchezo tu." Naomba anisikilize kwanza.

Ubao wa bao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 6 katika shimo la nyumba, kete 2 katika kila moja la mashimo mawili yaliyo jirani, na kete 22 mkononi. Nyumba ina heshima yake. Mtu akila, na kete yake ya mwisho ikaangukia nyumbani mwake, aweza kulala pale akaihifadhi, au akazichukua kete zote akasafiri nazo. Hayo wachezaji huyajua. Ugomvi huzuka katika mambo ya pembeni.

Miaka kadhaa iliyopita, chini ya mwembe karibu na pwani ya Kilindoni, nilikuta mzee mmoja mvuvi akicheza na kijana mgeni aliyetoka upande wa Kilwa. Watu hao walikuwa washirika wa jarife moja. Hapo kwanza kijana alikuwa amekosa cha kula, wala hakuwa na shimo jingine la mbele lenye kete. Akatia kete nyumbani, zikawa 7, akatoa 2, zikabaki 5. Baadaye alikula, na kete yake ya mwisho ikaangukia pale pale, zikawa 6.

Akasema, "Mzee wangu, nimelala."

Mzee akajibu, "Hulali, mwanangu. Nyumba yako ilivunjika zilipobaki tano. Chukua uende."

"Lakini sasa ni sita. Nyumba iliyoezekwa upya si nyumba?"

"Kwetu sivyo."

"Kwetu ndivyo!"

Mimi nikaulizwa, kwa kuwa ni mwalimu. Nami kwa haraka nikaamua kama nilivyofundishwa utotoni, nikampa haki kijana. Mzee akaupindua ubao. Kesho yake jarife halikutoka, wala kesho kutwa. Nyumba mbili zikakosa kitoweo kwa sababu ya kete sita.

Siku ya nne bibi mmoja mtu mzima, ambaye hachezi bao kamwe, aliwaita wote wawili akawauliza neno moja: "Mlipatana nini kabla ya kuanza?" Wakanyamaza. Akasema, "Basi hakuna aliyeshinda, wala hakuna aliyedhulumu. Pangeni kete upya." Wakapanga. Nami nikatambua kosa langu: nilihukumu kwa sheria ambayo watu wale hawakuikubali.

Tuna methali isemayo, "Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho." Ni kweli mgeni hufuata desturi ya mwenyeji. Lakini atalivunjaje jicho lake kama hakuambiwa kwamba hapo pana wenye chongo? Sheria inayotajwa baada ya kete kuanguka humfaa yule anayeitaja, na mwenzake huiona kuwa hila.

Msidhani jambo hili ni letu peke yetu. Uko mchezo wa Marekani uitwao Monopoly, ambao kampuni ya Parker Brothers ilianza kuuuza mwaka 1935. Ubaoni mwake mna njia nne za reli, na azinunuaye huwatoza wenzake. Sheria zake zimepigwa chapa, kila mtu aweza kuzisoma. Hata hivyo nyumba nyingi hujitungia zao juu ya fedha za faini, na watu hubishana vile vile. Ikiwa chapa haikuzuia ugomvi, sisi ambao sheria zetu hukaa vinywani tuna haja zaidi ya kupatana.

Kwa hiyo, kabla ya kete ya kwanza, ulizaneni mambo manne. Nyumba ikipungua sita, je, ni nyumba bado? Kutakasia mtakufuata namna gani? Zamu ya mtu ikizunguka bila kwisha, itakuwaje? Na watazamaji, je, wana ruhusa ya kusema? Jambo lisilotajwa likizuka katikati, aamue mtu mmoja mliyemchagua mapema, na neno lake liwe la mchezo ule tu. Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee wa kijiji chenu sheria zao, mziandike katika daftari, mpate kuwasomea wageni.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa wa bao huzibwa kwa maneno machache kabla ya kuanza. Kwaherini.