Kila Mti Mahali Pake

(Hotuba kwa vikundi vya akina mama, vijana na wazee wa Delta ya Tana)



Nimeombwa niseme juu ya kupanda miti. Najua wengine wenu mmechoka na maneno haya. Mtu anakuja na miche, tunapanda, tunapigwa picha, halafu mwaka ukiisha hakuna kitu. Kwa hivyo leo sitasema "pandeni miti" basi. Nauliza: mti gani, wapi, na nani atautunza?

Kwanza tuitazame shida yenyewe. Mto Tana unatoka Aberdare na Mlima Kenya, unakwenda kama kilomita 1,000 mpaka Kipini. Kati ya 1968 na 1988 yalikamilika mabwawa matano huko juu: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Yanatupa stima, lakini yanazuia tope na kupunguza mafuriko. Na mafuriko hayo ndiyo yaliyolisha mpunga wetu, malisho, samaki na misitu ya kando ya mto. Maji matamu yakipungua, maji ya bahari hupanda. Watu wa Ozi hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wameona miembe ikikauka na mashamba yakiingia chumvi. Lakini na sisi tumo. Tumekata mikoko kwa boriti na kuni, na kingo za mto tumezifyeka tupate kulima.

Sasa, mti gani? Mnaukumbuka mathenge. Uliletwa kutoka nje, tukaambiwa utazuia jangwa. Leo umefunga njia, umekula malisho, na miiba yake inatoboa magurudumu. Mwaka 2008 serikali yenyewe iliutangaza kuwa magugu mabaya. Mti wa kigeni unaoota upesi si lazima uwe rafiki. Ya kwetu tunayo.

Kando ya mto tuna mkuyu, mkindu na mkwaju. Mizizi yao inashika kingo. Akina mama wanajua faida ya mkindu, maana bila ukindu hakuna mkeka.

Kule maji ya chumvi yanakofika, Kenya ina aina tisa za mikoko, na kila moja ina makao yake. Mlilana husimama mbele, karibu na bahari. Mkoko wenyewe hupenda tope laini linalofunikwa na maji mara kwa mara. Mkandaa na mchu huvumilia sehemu za juu, zenye chumvi kali. Msikundazi hutaka mahali maji ya mto yanapofika, ndiyo maana hapa deltani unaonekana kuliko sehemu nyingine za pwani yetu. Ukichukua mbegu za mkoko, kwa kuwa ni ndefu na rahisi kuokota, ukazichomeka kila mahali, nyingi zitakufa. Kosa si la mbegu.

Kwa hivyo kabla ya kupanda, hebu tuulize kwa nini miti ya kwanza ilikufa. Ikiwa mkondo umezibwa na maji hayapiti, zibueni mkondo kwanza. Ikiwa maji yanapita na miti mama iko karibu, pengine mbegu zitakuja zenyewe. Kazi yenu itakuwa kuzuia panga na mifugo tu.

Wala tusidanganyane. Mikoko hushika tope na kupunguza nguvu ya mawimbi, lakini haiwezi kuzuia chumvi kupanda mtoni. Hilo linahitaji maji ya kutosha kutoka juu. Tukipanda huku tukinyamaza kuhusu maji, tumefanya nusu ya kazi.

Lipo jambo jingine, nalo ni zito. Mwaka 2012 na 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta hii, na ugomvi wa ardhi na maji ulikuwa ndani yake. Mkulima akipanda miti kwenye malka, mfugaji ataona amefungiwa njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Hata kama nia ni njema, yeye ataona ua. Kwa hivyo wafugaji wawepo siku ya kuchagua mahali, wasiitwe siku ya sherehe. Malka ziachwe wazi.

Pia kumbukeni kwamba mikoko ni misitu ya serikali tangu 1932. Sheria ya misitu ya 2016 inawaruhusu wananchi kuunda chama cha msitu na kushiriki katika kuutunza. Jiungeni, ili jasho lenu liwe na haki.

Mwisho, kila kikundi kiwe na daftari. Msiandike tu miche mliyopanda. Andikeni iliyo hai baada ya mwaka mmoja, na tena baada ya miaka mitatu. Heri miti 200 iliyosimama kuliko 10,000 iliyosomwa kwenye ripoti.

Sasa nasubiri maswali, na wafugaji waanze.