Hotuba Juu ya Wajibu wa Kupiga Ripoti



Twaomba ruhusa kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu hupenda kulipitia kimya. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji haimwadhibu ngariba peke yake. Kifungu cha 24 chasema kwamba mtu ajuaye kuwa ukeketaji umefanyika, unafanyika, au umekusudiwa, naye asipige ripoti kwa afisa wa sheria, ametenda kosa. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au yote mawili.

Wako wasemao kuwa huu ni uchongezi. Hatuwashangai, maana kumpeleka shemeji yako polisi si jambo dogo, na hapa Nyeri habari huvuka vilima kabla jua halijatua. Lakini na tukumbuke jirani zetu wa Meru. Njuri Ncheke walipokataza jambo hili mwaka 1956, wasichana wengi walikeketana wao kwa wao, na hadi mwaka 1959 watu zaidi ya 2,400 walikuwa wameshtakiwa, wasichana wenyewe wakiwamo. Sheria ya leo yamtwika mtu mzima ajuaye mzigo wa kusema, nasi twaona ni haki.

Ombi letu kwa chama ni hili: mama ajaye na habari kama hiyo asiende kituoni peke yake. Wazee wawili waandamane naye. Na watoto wetu wafundishwe nambari 116, ambayo hupigwa bila malipo.