Nairobi hata London: Mwendo wa Ndege na Hesabu ya Saa



Toka Nairobi hata London, kwa njia iliyo fupi kupita zote angani, ni maili 4,200 na zaidi kidogo, yaani kilomita 6,800 hivi. Umbali huo haukubadilika. Kilichobadilika ni muda wa kuukata. Mwezi wa Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari za ndege toka Croydon, karibu na London, kupitia Kisumu hata Mwanza. Safari hiyo ilichukua yapata siku 10, kwa kuwa ndege ilitua mara nyingi kutia mafuta, na abiria walilala njiani. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet, yenye injini za jeti, ilitoka London ikapitia Entebbe, ikafika Johannesburg kabla ya saa 24 kutimia. Siku hizi ndege hutoka Nairobi ikafika London pasipo kutua, kwa muda wa saa 8 na nusu au 9, kwa kadiri ya upepo.

Hata hivyo, atazamaye tikiti yake aweza kudhani mambo ni mengine. Tuseme ndege yaondoka Nairobi Jumanne, mwezi wa Januari, saa 00:30, nayo yatua London saa 06:30. Msafiri huhesabu muda wa saa 6 tu. Kosa li wapi? Kila saa iandikwayo katika tikiti ni saa ya mji ule wenyewe. Jua huchomoza Nairobi kabla ya London, kwa hiyo saa za Kenya zimetangulia kwa saa 3. Ndege itakapotua, Nairobi itakuwa saa 09:30. Basi muda wa safari ni saa 9 kamili. Akirudi, aliyeondoka London saa 10:00 na kutua Nairobi saa 21:30 hakukaa angani muda wa saa 11 na nusu, bali 8 na nusu. Katika miezi ya kiangazi Waingereza husogeza saa zao mbele, na tofauti huwa saa 2.

Liko jambo jingine, nalo ndilo liwezalo kumpotezea mtu nauli yake. Tikiti huanza siku mpya usiku wa manane, wala haifuati hesabu ya Waswahili. Saa 00:30 ya Jumanne ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia Jumanne. Msafiri yampasa kuwapo uwanjani Jumatatu jioni. Akienda Jumanne baada ya chakula cha usiku, atakuta ndege yake imekwisha ondoka jana yake usiku, na huenda fedha zilizokusanywa na jamaa zake wote zikapotea pamoja nayo. Vivyo hivyo, asomaye 06:30 asidhani ni saa sita na nusu ya mchana. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Kwa hiyo, kabla ya siku ya safari, yafaa msafiri aandike katika karatasi siku na saa ya kuondoka kwa hesabu ya Kiswahili, kisha amwonyeshe karani aliyemkatia tikiti. Kuuliza si ujinga.