Bima ya Afya na Wazazi Wetu Wazee

(Mada iliyotolewa msikitini baada ya Sala ya Isha)

Kila sifa njema inamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu waumini, Suratul-Israa, pale inapoamrisha wema kwa wazazi, imeutaja uzee waziwazi. Usiku huu tunazungumzia fungu moja la wema huo ambalo wengi wetu tumeghafilika nalo, nalo ni matibabu yao.

Ndugu yetu mmoja alimpeleka mamake hospitalini. Mshahara wake hukatwa kila mwezi asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya ya serikali, naye akaamini kuwa mama yumo. Hakuwamo. Ilibidi tuchange fedha baina ya Magharibi na Isha ndipo mama akalazwa. Kosa hilo si lake peke yake, ndiyo maana tunalieleza.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 ndiyo iliyoiondoa NHIF hapa Kenya, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi hiyo imo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Kwa sheria hiyo, mchango wa mtu humfaa yeye, mkewe au mumewe, na watoto wao ambao bado wanawategemea. Mzazi, kwa uzee wake tu, hamo. Yeye huandikishwa kwa kitambulisho chake mwenyewe, na mchango wake ni wake. Wala mzee anayepokea shilingi 2,000 za Inua Jamii asidhani kuwa hizo ndizo bima.

Akishaandikishwa, hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya daraja la 2 na la 3 vilivyomo katika mpango huo. Ama kulazwa katika hospitali kubwa, hapo ni lazima mchango uwe umelipwa. Asiye na mshahara hulipa kwa mwaka mzima, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kiwango hupimwa kwa maswali juu ya nyumba, maji na mengineyo. Tumesikia watu wakifundishana kujibu uongo ili kiwango kishuke. Huo ni uongo, hata ukisemwa kwa ajili ya mama. Fukara wa kweli sheria imemjukumisha serikali.

Huulizwa: je, bima si haramu? Swali hili lina haki ya kujibiwa. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1985, iliharamisha bima ya biashara kwa sababu ya gharari iliyomo, na ikaelekeza kwenye bima ya kusaidiana. Kabla ya hapo, mwaka 1965, Majmaa ya Utafiti wa Kiislamu ya Al-Azhar, mjini Cairo, iliijuzisha bima ya jamii inayosimamiwa na serikali. Sisi tunaona SHA iko karibu zaidi na fungu hili la pili, kwani hakuna wenye hisa wanaogawana faida. Asiyeridhika na rai hii na amwulize mwanachuoni anayemwamini, lakini asimwache mamake bila dawa huku akisubiri jawabu.

Kuandikisha huanzia kwenye simu, kwa nambari *147#. Wazee wengi hawawezi peke yao, na wengine huona haya kuomba. Basi kesho baada ya Alasiri vijana wetu watakaa barazani. Kila mmoja aje na mzazi wake, au jirani asiye na mtoto, na kitambulisho chake mkononi.

Wabillahi tawfiq.