Mtambo Haufundishi Pasipo Mwalimu



Mwaka 1971 Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianza kufundisha watu waliobaki makwao na makazini, kwa vitabu vya posta pamoja na masomo ya redio na televisheni. Hata hivyo, kila mwanafunzi alikuwa na mwalimu wa kusahihisha kazi zake. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1992, kilishika njia hiyo ya elimu ya masafa.

Leo sehemu kubwa ya kazi ya posta hufanywa na intaneti. Programu ya Moodle, iliyotolewa mwaka 2002, humwezesha mhadhiri kuweka masomo, kupokea kazi na kujibu maswali. Lakini mhadhiri awekaye maandishi na kuondoka amejenga ghala, hakujenga darasa.

Basi chama kinachokusudia kumsomesha mhasibu wake kwa njia hiyo kiulize kwanza: nani atamjibu? Baada ya siku ngapi? Kazi zake zitasahihishwa lini? Fedha hiyo ni jasho la wakulima. Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za bodi kabla hundi haijatiwa saini.