Tayarisha Picha Kabla ya Kuipeleka Studio

Ifuatayo ni hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wasimamizi wa wadi, maafisa wa nyanjani na vijana wa kujitolea, katika mafunzo ya siku moja kuhusu upigaji picha na utunzaji wa kumbukumbu.

 

Nimepewa muda mfupi kabla ya chakula cha mchana, na najua mwenye njaa hasikilizi hotuba ndefu. Kwa hivyo nitaanza na kisa kimoja, halafu tuingie kwenye hesabu. Kisa chenyewe kinanihusu mimi, na kosa lilikuwa langu.

Miaka michache iliyopita, mama mmoja alikuja ofisini kwetu akiwa na wanawe wawili. Mumewe alikuwa amefariki siku tatu kabla. Mzee huyo ndiye aliyetoa sehemu ya shamba lake ili zahanati ya kijiji ijengwe, na siku ya ufunguzi alisimama pamoja na viongozi utepe ulipokatwa. Mimi ndiye niliyepiga picha siku hiyo. Mama akaniambia, "Mwanangu, nyumbani hatuna picha yake ila ile ya kitambulisho. Tunaomba hiyo yenu tuiweke mbele ya jeneza."

Nikamjibu, "Usijali mama, picha ipo."

Picha haikuwapo. Kadi ya kamera nilikuwa nimeifuta ili nipate nafasi ya shughuli nyingine. Kilichobaki ni nakala niliyomtumia mwenzangu kwa WhatsApp aiweke kwenye ukurasa wa kaunti. Ilikuwa na watu kumi na wanne, mzee akiwa pembeni. Nikamkata akabaki peke yake, nikaipeleka studio na kuomba ukubwa wa A3. Ilipotoka, uso wa mzee ulikuwa miraba mitupu. Macho hayaonekani, mdomo hauonekani. Nilipoanza kulalamika, fundi alinitazama akasema, "Ndugu, mimi nachapisha ulichoniletea."

Alikuwa na haki. Leo nataka tuelewe maneno yake.

Jambo la kwanza ni ukubwa wa picha. Picha ya simu au ya kamera ni kama mkeka. Mkeka umesukwa kwa ukili, na picha imesukwa kwa nukta ndogo za rangi zinazoitwa pikseli. Huwezi kuupata mkeka wa sebule kwa kuuvuta mkeka wa mtoto. Ukiuvuta, unafumuka. Picha nayo ikivutwa kupita kiasi chake, ndipo mnapoona ile miraba.

Studio nyingi zinataka pikseli 300 kwa kila inchi ya karatasi. Shikeni hesabu hiyo moja tu. Picha ya inchi 4 kwa 6 inahitaji pikseli 1200 kwa 1800. Ya inchi 8 kwa 12 inahitaji 2400 kwa 3600. Karatasi ya A4 inataka takriban 2480 kwa 3508, na A3 takriban 3508 kwa 4961. Bango la ukutani linalotazamwa kutoka mbali linaweza kuvumilia pikseli 150 kwa inchi, au hata 100, kwa sababu mtazamaji hasogezi pua karibu.

Simu ya megapikseli 12 kwa kawaida hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Gawanya kwa 300, unapata inchi 13 kwa 10. Hiyo ni picha kubwa ya kutosha fremu ya sebuleni. Kwa hivyo asiniambie mtu kwamba simu yake haifai. Simu nyingi mlizo nazo mifukoni zinafaa. Tatizo ni tunachoifanyia picha baada ya kuipiga.

Sasa turudi kwa mzee wangu. WhatsApp ilikuwa imeibana picha hadi pikseli 1600 hivi upande mrefu. Nilipomkata mzee peke yake, alibaki na pikseli kama 400 kwa 600. Nikataka zifunike karatasi ya A3, yenye urefu wa inchi 16 na nusu. Pigeni hesabu: ni kama pikseli 35 kwa inchi badala ya 300. Hakuna fundi duniani angeweza kuniokoa hapo.

Jambo la pili ni kutuma faili asili. Picha mnayotaka ichapishwe msiitume WhatsApp kama picha ya kawaida. Hata ukichagua ubora wa HD, bado inabanwa, ingawa si sana. Itume kama hati, au kwa barua pepe, au iweke kwenye Google Drive, au uilete kwa flashi. Usichukue picha ya skrini ya picha. Usiipakue kutoka Facebook ukidhani umepata ile ya mwanzo. Kila inapopita, inaacha kitu nyuma.

Vilevile, faili za JPEG hupoteza ubora kidogo kila zinapofunguliwa, zikarekebishwa na kuhifadhiwa upya. Tengenezeni nakala, rekebisheni nakala hiyo, mwihifadhi mara moja kwa ubora wa juu kabisa. Faili asili isiguswe.

Jambo la tatu ni umbo. Hili linakata watu vichwa. Simu nyingi hupiga picha za umbo la 4 kwa 3. Kamera nyingi kubwa ni 3 kwa 2. Karatasi ya inchi 4 kwa 6 ni 3 kwa 2, na ile ya inchi 8 kwa 10 ni 5 kwa 4. Ukipeleka picha ya simu ichapishwe kwenye karatasi ya 4 kwa 6 bila nafasi nyeupe kando, lazima kitu kiondoke. Sehemu moja kati ya tisa ya upande mfupi itakatwa. Kama umebana watu hadi kwenye ukingo wa juu, wa nyuma watapoteza vichwa. Kama umebana chini, wazee waliokaa mbele watapoteza miguu.

Dawa ni mbili. Unapopiga, rudi hatua moja nyuma, acha nafasi kuzunguka kundi. Na kabla ya kupeleka studio, kata picha mwenyewe kwa umbo la karatasi unayotaka, ili wewe ndiye uamue kinachoondoka. Acha pia milimita chache kila ukingo, kwa sababu mashine hunyoa kidogo pembeni. Tarehe au maandishi yasikae ukingoni.

Jambo la nne ni mwangaza na rangi. Kioo cha simu kinatoa nuru yake chenyewe. Karatasi haitoi nuru, inarudisha tu ile inayoiangukia. Ndiyo sababu picha iliyong'aa vizuri kwenye simu inatoka studio ikiwa na giza. Kabla ya kuamua kwamba picha iko sawa, punguza mwangaza wa kioo hadi kama nusu, ukae ndani ya chumba chenye mwanga wa kawaida, uitazame tena. Ikionekana nyeusi, iongeze mwangaza kidogo, hasa usoni.

Kwa wanaotumia kamera kubwa, angalieni mpangilio wa rangi. Studio nyingi hutarajia sRGB. Ukipeleka picha ya Adobe RGB kwenye mashine isiyoitambua, rangi zitapoa, na leso nyekundu ya mama itatoka kama imeanikwa juani mwaka mzima. Jarida letu ni suala jingine, kwa kuwa kiwanda cha uchapaji hutumia wino wa rangi nne. Kazi ya kubadilisha rangi za jarida tuachieni sisi na mchapaji. Ninyi leteni faili asili.

Hapa naomba niongeze neno kuhusu ngozi zetu. Kwa miongo mingi, maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za kielelezo za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe. Ziliitwa kadi za Shirley. Picha ikionyesha ngozi yake vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Watu weusi wakatoka bila sura, meno na macho tu. Ilikuwa miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Mashine za leo ni bora zaidi, lakini nyingi bado hujirekebishia mwangaza zenyewe, na uso mweusi mbele ya ukuta mweupe au bati linalowaka jua unaweza kuzichanganya. Kama umekwisha kurekebisha picha yako, mwambie fundi asiache mashine iirekebishe tena. Na kabla ya kuagiza picha kubwa, chapisha kwanza moja ya inchi 4 kwa 6. Itoe nje mchana, uitazame. Gharama yake ni ndogo kuliko kurudia fremu nzima.

Vijana, naomba pia tuache kuwapaka watu weupe kwa programu za simu. Mzee wa kijiji akipelekewa picha yake akiwa na ngozi laini kama ya mtoto, wajukuu watauliza huyu ni nani.

Kuhusu karatasi, ile inayong'aa huonyesha rangi kali lakini hushika alama za vidole na kurudisha mwanga machoni. Picha itakayowekwa nyuma ya kioo cha fremu, au itakayopitishwa mikononi mwa watu wengi, iagizeni kwenye karatasi isiyong'aa.

Jambo la tano ni ruhusa. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi. Mweleze mtu picha yake inakwenda wapi kabla hujaipiga. Kwa mtoto, zungumza na mzazi au mlezi. Mgonjwa aliye kitandani zahanati si pambo la ripoti yetu.

Jambo la mwisho, na ndilo lililoniangusha mimi, ni utunzaji. Msifute kadi kabla picha hazijakaa mahali pawili tofauti, kwa mfano kompyuta ya ofisi na diski ya nje. Faili ipeni jina linaloeleweka: mwaka, mwezi, siku, wadi na shughuli. Kisha andikeni majina ya watu walio kwenye picha, kutoka kushoto kwenda kulia, siku hiyo hiyo. Sisi huandika majina ya wageni waheshimiwa, halafu wengine tunawaita wananchi. Lakini anayekuja ofisini kutafuta picha baada ya miaka mitano ni mwananchi.

Mtauliza yule mama alipata nini. Nilirudi kwa fundi, naye akanifanyia hesabu niliyopaswa kuifanya mimi. Pikseli 400 kwa 600, ukizipa 200 kwa inchi, ni picha ya inchi 2 kwa 3. Akaichapisha kwa ukubwa huo. Uso ulitoka safi, hata kofia yake ilitambulika. Tukaibandika katikati ya karatasi nyeupe, tukaitia kwenye fremu kubwa, nikaipeleka nyumbani kwao jioni kabla ya mazishi.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama kwa muda, akasema, "Ni yeye." Halafu akaniuliza, "Lakini mbona mmemweka mbali hivi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Ningemweleza habari za pikseli siku ya msiba?

Ndugu zangu, kwenye simu zenu wamo watu waliotoa mashamba, waliochimba mitaro, waliopika chakula siku za barasa. Wengi wao hawana picha nyingine. Ombi langu ni moja: kabla ya Ijumaa, kila mmoja wenu alete faili asili za shughuli za wadi yake kwa flashi, pamoja na karatasi ya majina. Sisi tutazihifadhi mahali pawili. Zile zitakazochaguliwa kwa maonyesho tutazipeleka studio pamoja nanyi, ili mwone kwa macho yenu jinsi picha iliyotayarishwa vizuri inavyotoka.

 Karibuni chakula.